Duncan, Shaq, Kobe: mimi nawapanga hivi, nuneni mnavotaka

Naanza na jibu kabisa ili watu wa Kobe wanune mapema tuendelee na mengine. Kwa zile zama za katikati za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, yaani kuanzia Michael Jordan alipoondoka Chicago 1998 mpaka msimu wa 2009/10, namba moja ni Tim Duncan wa San Antonio Spurs, wa pili Shaquille O'Neal (Shaq), wa tatu Kobe Bryant, hao wawili walikuwa pamoja Los Angeles Lakers. Ndo hivo. Najua kuna mtu hapa Ligula, Mtwara, akisoma hii ataenda kunishtaki kwa mama yangu.

Kwa nini naandika wakati haya mambo tunayamaliza uwanjani? Kwa sababu hatuyamalizi. Mtwara ni mji wa mpira wa miguu bwana, ukisema unacheza basketi mtu anakuangalia juu mpaka chini anakuuliza na ufupi huo?, kwa hiyo sisi wa kikapu ni wachache na tunajuana wote, kiwanja chetu ni cha saruji, rimu moja imeinama na nyavu hazipo, tukimaliza jua likiwa linazama tunasogea Shangani kwa mama wa pweza na hapo ndo mechi yenyewe inaanza. Kuna jamaa wa bodaboda yeye ni Kobe mpaka kaburini, ana jezi ya mitumba namba 24 imepauka mpaka huwezi kujua kama ilikuwa njano. Kuna mwalimu wa hesabu, takwimu zote kichwani. Kuna dada mmoja nesi alicheza chuoni, haongei sana ila akiongea watu wananyamaza. Na kuna anko mmoja mstaafu, yeye ukitaja senta yeyote duniani, yaani yule mrefu anayecheza chini ya rimu, anasema "huyo kwa Olajuwon angekalishwa chini", yule senta wa zamani, hata kama hatuongelei miaka ya tisini kabisa.

Sasa tatizo la huu ubishi ni kwamba kila mtu anachagua jina kwanza afu ndo anatafuta kigezo cha kulibeba hilo jina. Mtu wa Kobe anakwambia tuhesabu pete, yaani ubingwa. Ukimletea mwenye pete sawa na zake anahama, anasema tuangalie pointi, ukimletea mwenye pointi anahama tena anasema roho ya ushindani, na hiyo roho sijui tunaipimaje, kwa kilo?

Haya tuhesabu pete. Kuanzia 1998/99 mpaka 2009/10 ni misimu 12. Lakers wamechukua 5 (2000, 2001, 2002, 2009, 2010), Spurs 4 (1999, 2003, 2005, 2007), zilizobaki Detroit 2004, Miami 2006 na Boston 2008. Kobe anazo 5, Duncan 4, Shaq 4 maana ile ya Miami naye alikuwepo. Na mipaka nimeweka mwenyewe, pete ya tano ya Duncan ya 2014 nimeiacha nje, kwa hiyo msiseme nimepanga matokeo. Hapa jamaa wa boda anapiga meza, "Nkubwa, tano na nne ipi kubwa?" Sawa tano ni kubwa. Ila Robert Horry, mchezaji wa kusaidia tu, kwenye misimu hiyohiyo anazo 5 pia, tatu kachukua Lakers na mbili Spurs, na Derek Fisher naye anazo 5. Kwa pete tupu Horry yuko sawa na Kobe na kawapita Duncan na Shaq wote wawili, na hakuna mtu Mtwara nzima wala Lindi wala huko Texas kwenyewe atakayekubali hiyo. Pete inakwambia timu ilishinda, haikwambii nani aliibeba.

Huku kusini kila mtu anajua korosho inavyopangwa daraja. Inachukuliwa sampuli, wanaangalia unyevu, wanakata, wanaangalia zilizooza na zilizo tupu, na kipimo ni kilekile kwa gunia la Newala na gunia la Tandahimba, hakuna anayesema hili lipande daraja kwa sababu mwenye shamba ni mtu wa watu. Kwenye kikapu hicho ndo tunachofanya kila jioni, tunapandisha daraja mtu wa watu.

Kipimo changu mimi: huyu mtu aliibadilisha timu kiasi gani, pande zote mbili za uwanja, kwa misimu mingapi mfululizo. Basi, sina kingine. Ule upande wa kuzuia ndo tunausahau, na hapa nampa heshima yake dada nesi maana yeye ndo aliyetuuliza, nyie mnaongelea kufunga tu, mpira ukiwa kwa wapinzani hao watu wenu wanafanya nini? Mwalimu mwenyewe alitafuna pweza kimya.

Ukiweka kipimo hicho Duncan hana mpinzani. Najua hana klipu, ukimtafuta YouTube unaweza kusinzia, anapokea mpira upande wa kushoto, anamgeukia mlinzi, anagongesha ubao, mbili, anarudi kukaba uso mkavu kabisa hata hujui kama kafurahi. Lakini angalia. Kwenye misimu yote 12 niliyotaja alichaguliwa kila mwaka kwenye timu bora za ligi NA kila mwaka kwenye timu bora za walinzi, hajakosa hata mmoja. Kila msimu kamili wa hizo zama Spurs walishinda mechi 50 au zaidi, ule wa 1999 uliofupishwa kwa mgogoro wa wamiliki na wachezaji ulikuwa na mechi 50 tu na wakashinda 37 na ubingwa juu. MVP, yaani mchezaji bora wa msimu, 2002 na 2003. Mchezaji bora wa fainali 1999, 2003, 2005. Na wenzake walikuwa wanabadilika, alianza na David Robinson, Robinson akazeeka, wakaja Tony Parker na Manu Ginobili wakiwa bado wanajifunza, yeye yupo palepale.

Huo mwaka 2003 ndo naomba mkauangalie kwa utulivu. Robinson yuko msimu wake wa mwisho, mgongo umechoka, Parker ana miaka 20 tu, Ginobili ndo kwanza mgeni kwenye ligi. Wakakutana na Lakers waliokuwa mabingwa mara tatu mfululizo, Shaq na Kobe wote wapo, Duncan akawatoa 4-2 na mechi ya kuwamalizia kule kwao Los Angeles akaweka pointi 37. Afu mechi ya mwisho ya fainali na New Jersey: pointi 21, ribaundi (mipira iliyokosa kuingia akaidaka) 20, asisti (pasi za kufungisha) 10, bloku (mitupo ya wapinzani aliyoizuia) 8. Bloku mbili zaidi angekuwa na tarakimu mbili kwenye kila kitu, kwenye mechi ya kuchukua ubingwa! Ingekuwa ni Kobe kafanya hivo tungekuwa na michoro yake nyuma ya bajaji zote za mji huu.

(Kitu kingine, Duncan alikuwa muogeleaji kule St. Croix kwenye Visiwa vya Virgin, kimbunga Hugo cha 1989 kikaharibu bwawa alilokuwa anafanyia mazoezi ndo akaingia kwenye kikapu. Angezaliwa Msangamkuu tusingemjua, maana bahari haiharibiki.)

Shaq sasa. Mkiniambia nichague mtu mmoja kwa msimu mmoja tu, namchukua Shaq wa 2000 bila hata kufikiri na Duncan ataelewa. Mwaka ule MVP, fainali na Indiana wastani pointi 38 na ribaundi 16.7 kwa mechi, wastani jamani, watu wazima wa kilo mia na kitu wananing'inia mabegani yeye anapanda nao. Mchezaji bora wa fainali mara tatu mfululizo 2000 hadi 2002. Kilele chake kiko juu kuliko cha yeyote kwenye hizo zama na simbishii mtu hapo. Kinachomshusha kwangu ni frii, ile mitupo ya bure ukifanyiwa faulo, maisha yake yote aliingiza kama 53 kwa mia, kwa hiyo dakika za mwisho timu pinzani wanamshika makusudi na kocha anajiuliza amtoe au amuache, yaani mtu wako bora anakuwa mzigo pale unapomhitaji. Na baada ya 2002 mwili ulianza kugoma. Kule Miami 2006 alisaidia sana lakini aliyebeba ile fainali ni Dwyane Wade, hilo halina mjadala.

Haya Kobe.

Kuna kitu kinafanya hii sehemu iwe ngumu na wenyewe huwa hatukisemi. Tangu ile ajali ya helikopta ya 26 Januari 2020 ukimweka Kobe wa tatu inakuwa kama unamsema marehemu. Kwetu marehemu hasemwi, ukimtaja unamtaja kwa mema, na jamaa wa boda anajua kuitumia hiyo, ukianza tu kusema Kobe alikuwa anatupa mipira mingi anakukata, "mwache mwenzio apumzike". Unabaki unameza mate. Mimi naona wa tatu kwenye zama zilizokuwa na watu wale ni heshima kubwa tu, na kumpima mtu kwa haki si kumsema.

Maana sifa zake ni za kweli. Pointi 81 dhidi ya Toronto 22 Januari 2006, msimu ule wastani 35.4, na wenzake walikuwa akina Smush Parker na Kwame Brown, ile timu ilikaribia kuwatoa Phoenix kwenye mtoano, waliongoza 3-1 kabla ya kugeuziwa kibao. MVP 2008. Afu 2009 na 2010 yeye na Pau Gasol, ubingwa mara mbili bila Shaq, na zote mbili kawa mchezaji bora wa fainali. Aliyekuwa anasema hawezi bila Shaq alinyamaza pale. Ila turudi kwenye kipimo: pete tatu za kwanza mbebaji alikuwa Shaq, na Shaq alipoondoka msimu wa kwanza tu 2004/05 Lakers hawakuingia hata kwenye mtoano. Timu ya Duncan haijawahi kukosa mtoano, si kwenye hizo zama, maisha yake yote ya kucheza.

Mwalimu huwa ananitega na hii: kwenye zama hizo Lakers na Spurs walikutana mtoano mara sita, Lakers wakashinda nne (2001, 2002, 2004, 2008), Spurs mbili (1999, 2003). Hoja nzuri na ndo hoja pekee inayonikosesha raha kwenye huu ubishi mzima. Lakini tatu kati ya hizo nne Shaq yupo ndani, kwa hiyo ukitaka kuitumia itumie kumpandisha Shaq, ndo maana Shaq ni wa pili na kampita Kobe. Mwalimu hajakubali. Anasema nimechagua jina kwanza. Labda, ila kipimo changu sijakihamisha tangu tuanze.

Lazima nimtaje wetu pia, maana akikaa mgeni hapo kwa mama wa pweza lazima aulize Hasheem Thabeet je. Mtoto wa Dar, Mtanzania wa kwanza NBA, 2009 Memphis walimchagua wa pili kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi, James Harden akafuata wa tatu na Stephen Curry wa saba. Watu wanaitumia kumcheka, mi siipendi hiyo. Aliyekosea kupanga foleni ni waliochagua, siyo aliyechaguliwa, na wale ni wataalamu wanaolipwa kwa kazi hiyo, wamekaa na video na vipimo vyote na bado Curry akaanguka mpaka wa saba. Kwa hiyo mtu asiniambie orodha yake haina makosa.

Waliobaki haraka haraka maana bando linaisha. Wa nne Kevin Garnett, MVP 2004, alipotoka Minnesota kwenda Boston msimu wa kwanza tu ubingwa 2008 na tuzo ya mlinzi bora juu, huo ndo ushahidi ninaoutaka. Wa tano LeBron James, najua, najua, ila hapa tunahesabu mpaka 2010 tu, ana MVP mbili na hana ubingwa, kwenye zama zinazofuata mpeni kiti anachotaka. Wa sita Dirk Nowitzki. Wa saba Allen Iverson, kwa ile fainali ya 2001 aliyowapiga Lakers pointi 48 kwao, mechi pekee waliyopoteza kwenye mtoano mzima, mtu wa futi sita tu! Dada nesi anataka Ben Wallace aingie, anasema Detroit ya 2004 mlinzi ndo alikuwa roho ya timu, na kwa kipimo changu mwenyewe sina jibu zuri la kumpa. Steve Nash ana MVP mbili na hajawahi kufika fainali, namweka wa nane, na Ben Wallace wa tisa mpaka dada anibane tena Ijumaa.