Soksi, kunde na gololi

Saa 11 alfajiri. Kabla ya chai nashona soksi. Nimeijaza pamba, katikati nikaficha kunde moja na gololi moja. Ndilo titi langu la kufundishia.

Saa 1 na nusu. Bodaboda, matope, sekondari moja nje kidogo ya Muheza. Dereva anauliza mfukoni mna nini. Soksi, namjibu.

Saa 3. Kidato cha pili, wasichana 42. Wavulana wamepelekwa uwanjani, jambo lililonikera kidogo, maana wanaume nao hupata saratani ya matiti, japo kwa uchache. Nikitamka "titi" wote wanainamia madawati kwa kicheko. Nawaacha wacheke. Narudia mpaka neno linazoeleka kama "goti".

Sikuja kuwatisha, kwa umri wao saratani hii ni nadra mno. Nataka kila mmoja alijue lake, ili siku likibadilika asibabaike. Moja kubwa kuliko jingine? Kawaida. Yanauma hedhi ikikaribia? Kawaida. Hedhi ikiisha, ngoja siku chache, ulale chali, mkono mmoja nyuma ya kichwa. Nyama za vidole vitatu, si ncha, zizunguke taratibu hadi kwapani. Ukikuta uvimbe mpya, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyozama ghafla au inayotoa damu, sema siku hiyohiyo.

Soksi inapita mkono kwa mkono. Gololi wanaipata upesi, maana inateleza. Uvimbe wa namna hiyo ndio tunaouona sana kwa wasichana, na mara nyingi si saratani. Kunde inawatoa jasho.

Halafu vikaratasi vya maswali. Lile la kila shule halikosi: "Kuweka hela kwenye sidiria kunaleta kansa?" Natoa elfu mbili yangu ya nauli hukohuko sidiriani. Darasa hoi.

Saa 7. Mmoja kabaki, anajifanya anatafuta kalamu.

"Dada nesi, mimi ninayo gololi."

Tangu Ramadhani. Mama hajui. "Ataniuliza nani kanishika."

Tunakwenda kwa mwalimu wa malezi. Kwa ridhaa ya msichana, nampigia mama yake.

Saa 10. Mama kafika zahanati, kanga imelowa mvua. Hakuuliza nani kashika. Naandika rufaa ya hospitali ya wilaya, wakapige ultrasaundi kesho. Anakunja karatasi, haondoki. Anaomba ile soksi, anaibonyabonya kimya, muda mrefu.

"Mwanangu, hiyo kunde iko wapi?"