Mimi ndiye yule anayekupigia uje uchukue majibu

Saa 12 asubuhi, chai ya rangi na matobolwa. Saa 2 tuko shule moja ya sekondari hapa Tabora kukusanya damu, vitanda chini ya mwembe. Kilo 50 kwenda juu, miaka 18 kwenda juu, tone la damu kwenye maji ya bluu: likizama, lala uchangie, likielea, hujaruhusiwa. Mifuko 31, soda, biskuti, tumeondoka.

Watu wakiniona hapo hudhani kazi yangu ni kugawa soda. Mimi ni mshauri nasaha. Kila mfuko hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Mfuko ukikutwa na tatizo unateketezwa, na mwenyewe anapigiwa simu.

Saa 8, ofisini, akaingia kaka wa bodaboda aliyechangia siku za nyuma na niliyempigia, kofia ngumu kichwani.

"Dada, damu yangu mmeshaiuza?"

"Hatuuzi, kaka."

"Basi nirudishieni."

Nikamwambia imeteketezwa, na kwa nini: homa ya ini B. Akaivuta kope ya chini kwa kidole chenye oili, akanisogezea uso. "Hili jicho lina unjano?"

Halikuwa nao. Hapo ndipo ninapochokea, kwa sababu jicho jeupe huaminika kuliko karatasi yangu. Nikaeleza kwamba kirusi hukaa kwenye ini miaka bila dalili, na kwamba wengi hukipata wakati wa kuzaliwa au utotoni.

"Kwa hiyo unamsema mama yangu?"

Nikaanza upya. Simu yake inaita, abiria wanamsubiri, anaikata, anauliza lile lile. Sahani? Kuleni pamoja. Wembe? Kila mtu na wake. Mke? Apimwe, na kama hana, achanjwe dozi tatu. Yeye nikamchukulia sampuli nyingine ya kuhakikisha na barua ya kwenda kliniki.

"Na huyo aliyepewa damu yangu?"

"Hakupewa mtu."

Akavua kofia kwa mara ya kwanza. "Basi soda yenu nilikunywa bure." Tukacheka, mimi nadhani kwa uchovu tu.

Baada yake wakaja wengine wawili, saa sikuangalia. Jua lilikuwa linazama nilipopiga namba ya mwisho. Akapokea mwanamke.

"Mume wangu anaoga. Nimwambie nini?"

Nikasema nitapiga tena.