Nilivyoweza kulinganisha bei ya sokoni na mavuno ya shambani

Katika takwimu za mazao yanayotoka shambani kwenda mjini, bei ndiyo inayodanganya kuliko namba nyingine zote. Fungu la nyanya huweza kubaki na bei ileile kwa miezi mitatu huku nyanya zenyewe zikipungua kutoka sita hadi nne. Ukiandika bei tupu, jedwali lako litaonyesha kwamba hakuna kilichobadilika, na kumbe mnunuzi sasa analipa nusu zaidi kwa kila nyanya. Kwa hiyo siandiki bei ambayo haina uzito pembeni yake.

Sokoni natumia mizani ya jikoni inayobeba hadi kilo 5 na kusoma gramu moja moja. Kabla ya kuanza naihakiki kwa maji: naweka chombo kitupu, narudisha sifuri, namimina lita 1. Isome gramu 1,000 au karibu sana na hapo. Ikikataa, naangalia kwanza kama imekaa mahali tambarare, kisha betri. Kwa kila muuzaji napima mafungu matatu ninayochagua mwenyewe, kwa sababu fungu la mbele mara nyingi hupangwa kuvutia macho. Wauzaji watano kwa bidhaa moja wananitosha kwa ziara moja, na ninachobeba ni namba ya kati (inayoangukia katikati uzito wote ukipangwa kutoka mdogo hadi mkubwa), si wastani. Fungu moja kubwa la muuzaji anayetaka kufunga meza huuvuta wastani juu, lakini namba ya kati haitikisiki. Ruhusa naiomba kabla ya kugusa chochote, na jina la muuzaji haliingii kwenye daftari. Namba ya meza inatosha.

Saa ya kupima iwe ileile kila ziara, maana bidhaa inayooza haraka ina bei ya asubuhi na bei ya jioni. Hapa kuna mtego wetu wa lugha. Msaidizi mmoja akiandika «saa 3» akimaanisha asubuhi, na mwingine akaandika saa ya simu, 9:00, rekodi mbili za wakati mmoja zitaachana kwa saa 6. Tunakubaliana mapema: kwenye fomu ni saa ya simu tu, ya mfumo wa saa 24.

Gunia ni tatizo kubwa zaidi, kwa sababu linashonwa juu likiwa limejaa au likiwa limerundikwa, na yote mawili huitwa gunia moja. Nalipima kwa mizani ya kuning'iniza, natoa uzito wa gunia tupu, halafu napima unyevu wa nafaka. Hatua hii ya mwisho wengi huiruka, na ndiyo inayoharibu ulinganisho. Kilo 50 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 si sawa na kilo 50 zilizokauka hadi asilimia 13. Hesabu yake: zidisha uzito kwa 100 ukitoa unyevu uliopima, gawanya kwa 100 ukitoa unyevu unaoutaka. Yaani 50 × 80 ÷ 87, sawa na kilo 46 hivi. Kilo 4 zilizobaki ni maji, nawe ulikuwa karibu kuyahesabu kama chakula. Pasipo kipima unyevu, weka konzi ya nafaka na chumvi kavu kwenye chupa kavu, funga, tikisa, iache dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15 hivi. Hiyo haikupi namba ya kuweka kwenye hesabu, ila inakuambia kwamba rekodi hiyo isichanganywe na za nafaka kavu.

Shambani napima mavuno kwa mraba wa mita 5 kwa 5. Nachomeka vigingi vinne, nazungusha kamba, kisha napima kutoka kona hadi kona: mita 7.07 pande zote mbili. Zikitofautiana, mraba umepinda. Mahali pa kuuweka huchaguliwa kwa namba za bahati nasibu, hatua kadhaa kwa urefu na kadhaa kwa upana wa shamba. Mwenye shamba akiulizwa atakupeleka penye mahindi mazuri. Si udanganyifu, ni fahari ya kazi yake, lakini mavuno yatatoka makubwa kuliko yalivyo. Mimea iliyo juu ya kamba naihesabu kwa pande mbili tu na kuiacha kwa pande mbili nyingine. Mita za mraba 25 ni sehemu moja ya 400 ya hekta. Nikipata kilo 6 za punje zenye unyevu wa asilimia 20, narudisha kwenye asilimia 13, napata kilo 5.52, nazidisha kwa 400: takribani kilo 2,200 kwa hekta. Kosa la gramu 100 kwenye mraba linakuwa kilo 40 kwa hekta, kwa hiyo mraba mmoja hautoshi kusemea shamba zima.

Kwa kuliona shamba kutoka juu, picha za setilaiti za Sentinel-2 hupatikana bure, na pikseli yake ndogo, yaani kila nukta ya picha, ni mita 10 kwa 10. Robo hekta ni pikseli 25 tu, tena za ukingoni zimechanganya shamba na njia au miti ya jirani, nami huzitupa. Wakati mimea inapokua ndipo mawingu yanapotanda, kwa hiyo tegemea mapengo.

Kwenye lahajedwali, tarehe naiandika mwaka-mwezi-siku, kwa kuwa 3/4 mmoja ataisoma Aprili na mwingine Machi. Bidhaa isipokuwepo sokoni, nafasi ya bei inabaki tupu na safu ya pili inaandikwa «haipo». Ukiweka sifuri, programu itaamini bidhaa iligawiwa bure, na wastani wa mwezi utaporomoka katika mwezi uleule wa uhaba.

Mwisho naunganisha pande mbili. Nyanya ya sokoni nailinganisha na mavuno ya siku chache nyuma, lakini nafaka huenda imekaa ghalani miezi mingi, kwa hiyo kila gunia naliulizia lilivunwa msimu gani. Bei ya kilo ya mwezi huu naiweka kando ya ile ya mwezi uleule mwaka uliopita. Nikiiweka kando ya mwezi jana, ninachokiona zaidi ni kupita kwa msimu.