Pancha ya mia mbili iliyonigharimu matairi mawili

Tulikuwa tukirudi Nakuru kutoka Kisumu jioni ya Jumapili, mimi kwenye usukani, shemeji yangu pembeni na hindi lake la kuchoma. Tulipoanza kuteremka Sachangwan, usukani ukawa unavuta kushoto. Nikajua. Lakini mteremko ule si wa kusimama ovyo: malori nyuma yananuka breki, na nani amesahau moto wa lori la mafuta wa mwaka 2009, uliowamaliza watu zaidi ya 100? Nikawasha taa za hatari, nikajikokota kandokando hadi Salgaa, tairi likipiga pwata-pwata.

Salgaa mafundi wa pancha hawakosekani, hata usiku. Kijana mmoja akapiga jeki, akajaza upepo, akamwagia tairi maji ya sabuni. Povu likachemka katikati kabisa ya sehemu inayokanyaga lami. Akauchomoa msumari kwa koleo: mwembamba, hata milimita 4 haufiki.

"Hii ni plagi tu, mama. Mia mbili."

"Si nilikwambia," shemeji akadakia, ingawa hakuwa ameniambia kitu.

Kwa msumari ule, walikuwa na haki: plagi, kile kijiti cha mpira kinachochomekwa kwenye tundu, ingetosha. Tundu la katikati, lisilozidi milimita 6, hutengenezeka. Ubavuni ndiko kusikozibwa, kwa sababu hujikunja kila tairi linapozunguka na kiraka hakidumu. Hata meno yalikuwa bado yamepita vile vituta vidogo vya ndani ya mifereji, ambavyo vikilingana na meno ujue zimebaki milimita 1.6 tu.

Kilichonitia wasiwasi ni alama. Ubavuni kulikuwa na mstari uliozunguka tairi zima, kama ule soksi iliyobana inaouacha mguuni. Nikamwambia fundi alitoe kwenye rimu. Akaguna, kuchomeka plagi kutoka nje ni dakika tano, kutoa tairi ni jasho. Nikaongeza mia tatu, akaacha kuguna.

Nikaingiza mkono ndani. Vidole vikatoka na vumbi jeusi, kama ile chai inayobaki chini ya mkebe, likiwa na vipande vya mpira vilivyoviringika kama uchafu wa kifutio. Kurunzi ya simu ikanionyesha palipokwanguka hadi nyuzi.

"Umeliendesha bila upepo," fundi akasema, safari hii kwa upole.

Basi aliyeliua ni mimi. Kilomita zile chache, uzito wa gari uliukunja ubavu kati ya rimu na lami mpaka ukajisaga wenyewe kwa ndani. Plagi ingezuia upepo vizuri tu, ningefika nyumbani nikimsifu fundi, kisha siku moja ubavu upasuke nikiwa kwenye kasi. Hata hivyo, nikipata pancha tena Sachangwan sitasimama. Tairi linanunuliwa.

Tukafunga spea, ambayo nayo ilikuwa na upepo nusu (hilo nilione haya peke yangu).

Kesho yake mjini Nakuru nikanunua mawili, maana lile la kulia lilikuwa limeliwa na sikutaka mguu mmoja mpya na mwingine mzee. Muuzaji akaniletea la bei nzuri, linang'aa. Nikatafuta tarakimu nne za mwisho za DOT, ule msimbo ulioandikwa ubavuni mwa tairi: 0619. Wiki ya 6 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani, nikamrudishia. Mengine yakanitoka elfu 17. Nikaagiza yafungwe nyuma, ya nyuma yaje mbele, na shemeji akacheka: gari si linavutwa na magurudumu ya mbele? Ni kweli, lakini kwa mvua za Kericho, mkia ukishateleza kuurudisha ni kazi.

Tukiondoka, kijana mmoja akaja kuulizia lile bovu. Mia tano taslimu. Shemeji tayari ameshalishusha.

"Unalifanyia nini?" nikamuuliza.

"Nalitia plagi, mama. Si bado lina meno?"

Nikamwomba kisu, nikalichana ubavu mbele yao, ndipo nikampa bure. Shemeji alininunia hadi mtaani Free Area.