Risiti ya Desemba, kodi ya Januari

Jumatatu ya kwanza ya Januari 2021 simu iliniamsha kabla hata ya chai. Ni mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mombasa, niliyekuwa nimemwandikia programu ya mauzo. "Mwanangu, hebu njoo. Mashine yako ina ndimi mbili."

Kweli ilikuwa nazo. Karatasi ya makadirio ya bei ilitoka na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 14, risiti ya mzigo uleule ikatoka na 16. Mtakumbuka serikali iliishusha VAT kutoka 16 hadi 14 mwezi Aprili 2020, wakati wa korona, kisha ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Mimi nilijiona nimejipanga. Nilikuwa na faili moja, mipangilio.py, yenye mstari KODI = 14, na ukurasa wa kuibadilisha bila kuzima programu. Mkesha wa mwaka mpya nikabadilisha, nikalala usingizi wa mtu mwerevu.

Wanaotumia Python, lugha niliyoiandikia programu hiyo, washajua nilipojikwaa. Sehemu ya risiti ilikuwa na "import mipangilio", ikisoma mipangilio.KODI kila inapoihitaji. Sehemu ya makadirio ilikuwa na "from mipangilio import KODI". Hiyo huchukua thamani iliyopo wakati faili inapopakiwa na kubaki nayo. Ukiibadilisha kule kwenye mipangilio, huku hakuna habari. Nikazima programu, nikawasha, mambo yakatulia. Mama akaninunulia soda.

Siku chache baadaye akaja fundi kutaka nakala ya risiti yake ya Desemba. Mabati ya shilingi 50,000 kabla ya kodi, alilipa 57,000. Nakala ikatoka 58,000. Akauliza, kwa upole kabisa, kama anadaiwa elfu moja. Ile soda ilinitokea puani.

Hapo ndipo nilipokubali kwamba kiwango cha kodi hakikuwa mpangilio hata siku moja. Nilikiweka kwenye faili ile kwa sababu kilitumika kila mahali, na "kila mahali" nikakisoma kama "wakati wote". Sasa kina jedwali lake kwenye hifadhidata: kiwango, na tarehe kinapoanza kutumika. Kila mstari wa ankara unahifadhi kiwango chake wenyewe siku ya mauzo, na nakala husoma hapo, haikokotoi upya. Fanksheni ya kukokotoa kodi nayo hupewa bei na kiwango mkononi. Haiendi kuokota chochote kwenye faili la pamoja. Kuijaribu kumekuwa rahisi mno: naipa 14, naipa 16, naangalia jibu.

Baada ya hapo nililipitia faili zima, mistari sitini na kitu, nikiona haya. Nywila ya hifadhidata ilikuwamo, tena imepanda hadi Git, chombo kinachotunza kila toleo la msimbo! Nikaihamishia kwenye vigezo vya mazingira vya seva (thamani zinazokaa kwenye seva, nje ya msimbo), nikaibadilisha kabisa, maana kilichoingia Git hakifutiki kwa kufuta mstari. Programu husoma vigezo hivyo mara moja inapowaka, na kimoja kikikosekana inakataa kuwaka na kukitaja jina. Afadhali inigomee saa kumi na mbili asubuhi kuliko saa sita mchana foleni imefika barabarani. Jina la duka na printa ya kila tawi vilienda kwenye jedwali, pamoja na rekodi ya nani alibadilisha nini lini.

Kuna mistari sita iliyosalia, mmojawapo ule wa saa za eneo, Africa/Nairobi. Huo siugusi.

Nilipomweleza mama haya yote alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama anaweza kubadilisha mwenyewe yale maneno ya chini ya risiti, "Mali ikiuzwa hairudishwi". Anaweza. Alishabadilisha mara tatu wiki hiyohiyo.