NGC 6822 ikiwa utosini: kuipiga picha kwa darubini yenye kioo cha milimita 400

NGC 6822, galaksi kibete aliyoigundua mwanaastronomia E. E. Barnard mwaka 1884, iko katika kundinyota la Mshale, miaka ya nuru kama milioni 1.6 kutoka hapa. Mwaka 1925 Edwin Hubble alitumia nyota 11 za Sefeidi (nyota zinazobadilika mwangaza kwa mpigo, ambazo hutumika kupima umbali) kuonyesha kwamba iko mbali nje ya Njia Nyeupe. Kwetu Afrika Mashariki hii ni tunu. Dar es Salaam hupanda hadi digrii 82, ilhali London haifiki 24. Katikati ya Julai, anga la kipupwe likiwa safi, hufika kilele karibu saa sita na nusu usiku.

Ugumu uko kwenye stendi. Ya Dobson, inayosogea juu-chini na kulia-kushoto tu, hailengi vizuri utosini, na picha huzunguka haraka mno. Tumia stendi ya ikweta, ambayo mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya anga, lakini jua kwamba Dar ncha ya kusini ya anga iko digrii 6.8 tu juu ya upeo, Nairobi 1.3, mara nyingi nyuma ya ukungu au nyumba. Stendi isiyoshuka kiasi hicho iwekewe kabari ya chuma chini yake. Kisha ipange kwa kutazama nyota inavyohama: nyota iliyo juu, karibu na ikweta ya anga, ikielea kaskazini au kusini, geuza stendi kulia au kushoto, iliyo chini mashariki ikielea hivyo, rekebisha mwinamo. Kabla ya kuanza, zungusha darubini kwa mkono njia nzima uone kama kitako cha bomba kinagonga mguu wa stendi.

Kwa f/4 (urefu wa fokasi ni mara nne ya upana wa kioo), yaani urefu wa fokasi milimita 1600 na pikseli za mikromita 3.76, kila pikseli ni sekunde-tao 0.48 (sekunde-tao ni 1/3600 ya digrii). Fokasi ina nafasi ya mikromita 40 hivi tu. Bomba la chuma la mita 1.6 hufupika karibu mikromita 19 kwa kila digrii ya baridi, kwa hiyo weka fokasi upya joto likishuka digrii moja.

Piga picha 90 za sekunde 120 bila filta ya rangi, 30 kwa kila rangi (nyekundu, kijani, bluu), na 36 za sekunde 300 kwa filta ya hidrojeni-alfa, yaani mwanga mwekundu wa gesi ya hidrojeni. Hizi za mwisho ndizo zinazotoa mapovu ya gesi ya kaskazini mwa galaksi, Hubble V na Hubble X. Filta yenye dirisha la mwanga la nanomita 3 isiyotengenezwa kwa f/4 hupoteza mwanga, kwa sababu miale ya pembeni huipita kwa mshazari na dirisha lake husogea kuelekea bluu. Chukua ya nanomita 6. Sogeza darubini kidogo kila baada ya picha tatu.

Mwanga wa galaksi hii ni hafifu, umetandazwa kwenye dakika-tao 15 (robo ya digrii). Funika nyuma ya kioo kikubwa, maana mwanga unaovuja huko huharibu picha za ulinganisho (za mwanga ulio sawa kote, za kusahihisha vivuli na vumbi). Piga 30 za ulinganisho kabla ya kugusa kamera.

Wengi huipoteza galaksi kwenye kompyuta, si shambani. Programu ya kusawazisha anga ikiachiwa ichague yenyewe, huiona galaksi kama doa la mwanga na kuifuta. Weka alama za sehemu za anga tupu kwa mkono, zote zaidi ya dakika-tao 15 kutoka katikati, na utumie mlinganyo wa daraja la kwanza tu (mteremko ulionyooka). Nyota za Njia Nyeupe zilizotapakaa mbele yake zipunguze baadaye, baada ya kuvuta mwangaza.