Foleni ya sukari

Baba yangu ana hadithi moja ya ujamaa, na huisimulia kila Krismasi. Mwaka 1982, Morogoro, fununu imepita kwamba duka la ushirika limepata sukari. Anaamka saa tisa usiku, anakwenda, anakuta foleni imeshajaa. Ila si foleni ya watu, ni ya mawe. Kila aliyefika jioni ameweka jiwe lake akarudi kulala. Baba naye anaweka lake, anakaa pembeni kulilinda mpaka kunakucha. Saa tatu mlango unafunguliwa, muuzaji anatoka, anatangaza kwamba kilichokuja ni majembe. Hapo tunacheka sote, na mama anamalizia kwamba hata hilo jembe hakulileta.

Hiyo ndiyo elimu yangu ya ujamaa. Mimi ni wa 1988. Azimio la Arusha nililikariri kwa ajili ya mtihani: tarehe 5 Februari 1967, njia kuu za uchumi, miiko ya uongozi, basi. Mtaani kwetu kitu kisicho na wa kukitunza, mpira uliopasuka au bomba linalovuja, tulikiita "cha ujamaa". Mama akiwa na hamu ya kusimulia huongeza ya 1983, walipokuwa wanasakwa wahujumu uchumi, jinsi watu walivyotupa bidhaa usiku ili zisikutwe ndani.

Basi nilishtuka kulisikia neno hilo Milwaukee, jimbo la Wisconsin, tena kutoka kwa mama wa Kimarekani wa miaka 58 aliyekaa juu ya rundo la paleti.

Kazi yetu ni ile ile mnayoijua, kubeba boksi. Ghala kubwa, zamu ya usiku, skana imefungwa mkononi inahesabu umegusa boksi ngapi kwa saa na umesimama dakika ngapi bila kugusa kitu. Ukienda chooni inajua. Tunalipwa dola 17 kwa saa, na tunaambiwa tushukuru, kwa sababu kima cha chini cha kisheria hapa ni dola 7.25, hakijapanda tangu 2009. Waswahili wa zamu ile tulikuwa watano: mimi, Wakongo watatu wa Kivu, na dada mmoja wa Bujumbura. Yule mama tulimwita Mama Mkubwa. Alikuwa ndiye anayetuelekeza barua za serikali zimesema nini, na basi gani halipiti siku ya theluji.

Februari 2022, usiku mmoja wa baridi ya kukata masikio, niliona anakunywa maji kama mtu aliyeshinda na swaumu. Chupa hii, chupa ile. Saa saba usiku akatapika karibu na mlango wa kupakilia. Nilipomfikia alikuwa anahema kama aliyepanda Uluguru kwa mbio, na pumzi yake inanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nikatoa simu nipige 911. Akanishika mkono, na kwa mgonjwa yule alikuwa na nguvu. "Usiite ambulensi."

Nikajua mara moja: hana makaratasi. Sisi wageni tunafahamiana kwa dalili hizo. Nikainama nikamnong'oneza kwamba ambulensi si uhamiaji, hawaulizi viza. Akanitazama kama mwehu. Yule mama kazaliwa hapa hapa, babu yake alitoka Mississippi kuja kufanya kazi viwandani. Alichokuwa anakiogopa ni bili.

Msimamizi aliita gari mwenyewe. Safari ya maili tatu. Wiki sita baadaye ikaja bahasha: dola 1,860, za gari tu, hospitali iko kwenye bahasha yake.

Alikuwa na kisukari kinachotaka insulini kila siku, na bima aliyokatwa kwenye mshahara haikuanza kulipa mpaka kwanza yeye atoe maelfu kadhaa mfukoni. Kwa hiyo dawa ya wiki mbili aliinyoosha ifike mwezi. Insulini! Waliohusika kuigundua kule Toronto waliuza haki zao kwa chuo kikuu mwaka 1923, dola moja moja kila mmoja, ili mtu yeyote asije akaifanya mtaji. Miaka mia moja baadaye, 2023, makampuni ndiyo yakatangaza kushusha bei. Wazee wa miaka 65 wana bima ya serikali, ila yeye alibakiza miaka saba kuufikia umri huo. Nimewahi kumsikia akisema, bila utani, kwamba anajitahidi tu afike.

Sisi watano hatukuwa na ujuzi mwingine zaidi ya ule tuliokuja nao. Nikanunua daftari, nikachora mistari: jina, ahadi, taslimu. Mkongo mmoja mwenye sauti ya mchungaji akasimama kwenye chumba cha mapumziko akatangaza mchango. Wamarekani walishangaa kidogo. Wao wanachangishana sana, lakini kwa intaneti, picha ya mgonjwa na maelezo ya kuhuzunisha, watu wasiojuana wanabonyeza. Kusomewa jina lako mbele za watu kwamba umeahidi ishirini na hujatoa, hilo hawakulizoea. Walitoa haraka sana. Tukapata dola 735.

Tulipompelekea alilia, halafu akakasirika. Si kwetu. Alisema haiwezekani watu wanaobeba boksi ndio wamlipie mwenzao bili, wakati wanaomiliki ghala hawajui hata jina lake. Kisha akasema, kama mtu anavyosema mimi ni Mlutheri, "Ndiyo maana mimi ni msoshalisti."

Nilikaribia kupaliwa na kahawa. Ujamaa? Ule wa mawe?

Mama Mkubwa hajasoma Marx, na simsemi vibaya, hata mimi sijamsoma. Neno lile halikumfikia kwa kitabu, lilimfikia kwa bahasha. Nimekaa nchi hii miaka kumi na moja na nimesikia watu wengi, hasa vijana, wakilitamka bila haya. Ukiwauliza wanataka nini, hakuna anayetaja kutaifisha chochote. Wanataka kuumwa bila kufilisika, na mama akijifungua akae na mtoto mshahara ukiendelea. Sheria ya nchi nzima tangu 1993 inatoa wiki 12, lakini bila malipo, na si kwa kila mfanyakazi. Mke wangu alirudi kazini wiki ya sita, akikamua maziwa stoo. Nadhani siku ile mimi mwenyewe niliguswa, ila sikuwa na neno la kulitumia, kwa sababu neno lenyewe kwetu lilikuwa kichekesho.

Novemba 2025 kundi letu la WhatsApp liliwaka moto jiji la New York lilipomchagua Zohran Mamdani kuwa meya, mzaliwa wa Kampala, msoshalisti asiyejificha. Nusu walishangilia Uafrika Mashariki wake, na wazee wakakumbushana kwamba baba yake alifundisha Mlimani, Dar es Salaam, miaka ya 1970. Nusu wakauliza nani atalipa. Kampeni yake nzima ilikuwa kodi ya nyumba isipande, mabasi yawe bure, watoto wapate malezi. Mambo ya bahasha.

Mama Mkubwa alinicheka niliposema sijawahi kuona ujamaa uliofanya kazi. "Unapita juu yake kila siku," akasema. Mimi naishi Bay View, na kwenda mjini navuka daraja la Hoan. Daniel Hoan alikuwa meya wa Milwaukee kuanzia 1916 hadi 1940, miaka 24, kwa tiketi ya Chama cha Kisoshalisti. Kabla yake alikuwepo Emil Seidel, 1910, na baadaye Frank Zeidler akatawala mpaka 1960. Chini ya daraja ndiko Jones Island, mtambo wa maji taka ulioanza kazi 1925. Upepo ukivuma vibaya unafunga vioo vya gari. Wenzao wa New York waliwatania kuwa ni wasoshalisti wa mabomba ya maji taka, wao wakalipokea jina kwa furaha. Maji safi, bustani za umma, nyumba za ushirika, na vitabu vya hesabu vilivyonyooka. Walikuwa wabahili, inasemekana, na ubahili huo ndio uliowarudisha madarakani. Hapa ndipo nilipoanza kumwelewa: baba alipewa ujamaa wenye hotuba nyingi na duka tupu, hawa walianza na choo.

Karibu na kwangu, ng'ambo ya njia ya reli, kuna kibao cha kumbukumbu nilichokuwa nakipita miaka mitatu bila kukisoma. Tarehe 5 Mei 1886 wafanyakazi, wengi wao wahamiaji kutoka Poland, waliandamana hadi kiwanda cha chuma wakidai siku ya kazi iwe saa nane. Wanajeshi wa jimbo wakawafyatulia risasi. Walikufa watu wasiopungua saba, mmoja akiwa mtoto wa miaka 13. Siku moja kabla, Chicago, kulikuwa na msiba mwingine wa madai hayo hayo, ule uliozaa Mei Mosi. Nimekulia Mei Mosi mimi! Matarumbeta, fulana, mabango, baba kwenye msafara wa walimu, Jamhuri Stadium imejaa. Nimekuja kuishi mwendo wa saa moja na nusu kutoka ilikozaliwa, na tarehe 1 Mei nimepangwa zamu.

Nilimpigia baba Jumapili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Baridi imepungua huko?"

Nikamwambia huku kuna watu wanautaka ujamaa. Alicheka mpaka akakohoa. "Waambie waje wachukue, yetu mabaki yapo." Nikamsimulia habari ya Mama Mkubwa, kuigawa dawa, maili tatu, dola 1,860. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata.

"Mimi ni mtoto wa saba wa mkulima," akasema. "Mwaka 1974 nilikwenda chuo cha ualimu Tabora. Serikali ilinipa waranti ya treni. Nilikula, nililala, nilisoma, na babu yako hakutoa hata senti. Asingekuwa nayo."

Nina miaka karibu arobaini, sijawahi kuisikia hiyo. Nikamuuliza kwa nini hajawahi kuisimulia Krismasi.

"Haichekeshi."

Nikamwambia pia kwamba daftari halikuishia kwa Mama Mkubwa. Sasa tuko kumi na sita, kila siku ya mshahara dola 10, anayeumwa au kufiwa anachukua. Nilitegemea anisifu. Mzee huyu aliyelinda jiwe usiku kucha akauliza swali moja tu.

"Daftari analo nani?"

"Mimi."

"Na fedha?"

"Mimi."

"Na anayekukagua?"

Wiki iliyofuata, kwenye chumba cha mapumziko, tulimchagua dada wa Bujumbura. Mkutano wake wa kwanza alikuta dola nne hazionekani. Zilikuwa za kununua hilo daftari, na risiti nilikuwa nimeshaitupa.